Ultrasaundi au CT? Hesabu ya mshipa mkuu kwa aliyepandikizwa moyo

Anayepandikizwa moyo ng'ambo kisha akarudi Mwingi au Makindu hupewa orodha ndefu ya vipimo. Kimoja husahaulika upesi: aota, mshipa mkuu wa damu, pale unapopita tumboni. Kama moyo wa kwanza uliuawa na mafuta yaliyoziba mishipa, huenda mafuta hayo yapo kwenye aota pia, na moyo mpya hauyaondoi. Dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo nazo zaweza kupandisha presha, na mshipa dhaifu ukatanuka.

Ultrasaundi. Ndiyo nafuu. Unafika hujafungua kinywa, kwani hewa ya tumboni huficha mshipa. Unapakwa jeli baridi, kifaa kinateremshwa kutoka chini ya kidari hadi kitovuni, na kwa dakika chache umemaliza. Hakuna mionzi wala sindano. Kasoro yake: haioni vizuri aota ya kifuani, palipoungwa moyo mpya. Hapo tegemea eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ya kliniki ya moyo.

CT. Hii ni picha ya eksirei ya kompyuta. Huonyesha mshipa wote, lakini bei yake ni mara kadhaa ya ultrasaundi. Ukitumwa Nairobi, ongeza nauli yako na ya msindikizaji. Tena rangi inayodungwa yaweza kuumiza figo ambazo tayari zinabeba mzigo wa dawa. Pima kwanza kreatinini, kipimo cha damu cha hali ya figo.

Bima. Kaunti ya Makueni, iliko Makindu, ilianza mpango wake wa matibabu mwaka 2016 kwa Sh500 kwa kaya kwa mwaka. Kitui, iliko Mwingi, ikafuata 2018 kwa Sh1,000. Tangu Oktoba 2024 kuna bima ya taifa ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA): asilimia 2.75 ya mapato, isipungue Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Kabla ya kulala kitandani, uliza dirishani: kipimo hiki kinalipiwa hapa, ama natoa mfukoni?

Kusoma majibu. Aota ya tumboni huwa na upana wa sentimita 2 hivi. Ikifika 3, imevimba. Upasuaji hujadiliwa ikifika 5.5 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, au ikitanuka zaidi ya sentimita 1 kwa mwaka.

Uamuzi wetu: ultrasaundi kila mwaka, hospitali ileile, ripoti zote zihifadhiwe. Wapimaji wawili waweza kupishana milimita kadhaa, kwa hiyo kuhamahama ukifuata bei ya chini kutakuvurugia hesabu. CT iache hadi daktari aone mshipa unakua haraka au anapanga upasuaji. Lakini maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo hayangoji kipimo cha mwaka: kimbia hospitali saa hiyohiyo.