Nzige, Panzi na Senene: Tuwaeleze Nini Watoto?

Mtoto wa Musoma, Bunda au Butiama humjua panzi kabla hajajua kusoma. Humkimbiza majanini, humkamata, na pengine humchoma na kumla. Yafuatayo ni maelezo ambayo mzazi au mhudumu wa afya anaweza kumpa kwa lugha nyepesi.

Wadudu hawa ni nani?

Panzi ana miguu sita. Miwili ya nyuma ni mirefu, nayo humwezesha kuruka. Senene ni ndugu yake: hutambulika kwa papasi zake nyembamba zilizo ndefu kuliko mwili, na usiku huvutwa na mwanga wa taa. Nzige naye ni panzi, ila wa aina chache ambazo, zikisongamana, hubadilika rangi na tabia, zikasafiri kwa makundi. Hutaga mayai ardhini. Watoto wake wasio na mbawa huitwa tunutu.

Nzige wa jangwani ana uzito wa gramu 2 hivi, na kwa siku hula chakula cha uzito huohuo. Kundi lililoenea kilomita 1 ya mraba laweza kumaliza kwa siku chakula cha watu 35,000. Nzige hao waliingia kaskazini mwa Tanzania Januari 2021.

Je, wana madhara kwa mtoto?

Hawanyonyi damu wala hawaenezi malaria. Miiba ya miguu yao yaweza kukwaruza ngozi. Maji na sabuni yatosha. Hatari kubwa huja kwa kuwala ovyo.

Kwanza, mdudu aliyetoka katika shamba lililopuliziwa dawa asiliwe, kwani kumkaanga si hakika ya kuondoa sumu. Pili, panzi wanukao, wenye rangi kali na wanaopenda majani ya mihogo, wana sumu mwilini. Tatu, mtu mwenye mzio wa kamba au kaa aweza kudhurika kwa senene pia, kwa kuwa protini zao zinafanana. Senene walio salama waondolewe miguu na mbawa, kisha wapikwe vizuri.

Dalili za kuangalia

Mate na jasho jingi, machozi, mboni za macho kusinyaa, kutapika, kuhara, kupumua kwa shida au degedege ni dalili za sumu ya baadhi ya viuatilifu. Usimtapishe mtoto. Mvue nguo zilizoingia dawa, mwoshe kwa sabuni, umwahishe kituo cha afya pamoja na kopo la dawa likipatikana. Mhudumu aulize mtoto alicheza wapi na alikula nini, ahakikishe anapumua, na aandae atropini. Uvimbe wa midomo, vipele vya ghafla na kukoroma kifuani huashiria mzio mkali. Huo nao ni dharura.

Kwa mtoto mdogo, kanuni moja yatosha: mtazame panzi, hesabu miguu yake, lakini usimtie kinywani mpaka mtu mzima aseme ni salama.