Je, Wajua? "Jambo" lilianzia mdomoni

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza. Sokoni kwake, Mkongo humsalimu jirani, "Mambo?" Mnyarwanda aliye kando anajua jamaa wa neno hilo: kwao *ijambo* ni neno, wingi *amagambo*.

Asili moja. Wanaisimu wanaoiunda upya lugha mama ya Kibantu, isiyowahi kuandikwa, wanakisia mzizi *-gamb-, "kusema". Nyota hiyo ya mbele ni onyo: umbo limekisiwa, halikukutwa popote. Waganda bado husema *kugamba*. Sisi tuliidondosha g, tukabaki na *ambia* na *jambo*.

Ulinganisho. Mwaka 1899 Mjerumani Carl Meinhof alichapisha kitabu cha sauti za Kibantu, akilinganisha lugha moja na nyingine.

Waslavi nao wana neno la usemi lililohama maana. Neno lao la kale la mazungumzo, *besěda, wengi hulieleza kuwa "kikao cha nje", kama baraza zetu. Leo *beseda* kwa Warusi ni mazungumzo. Kwa Waslovenia ni neno moja tu.

Tahadhari! Ukifika Area 49, jijini Lilongwe, mwenyeji akakwambia kwa Kichewa *ticheze*, usikimbilie mpira. Vuta kiti: anataka mpige soga. Kwao *kucheza* ni kuzungumza.