Kisukari na Mguu: Mto wa Wayo Unapokakamaa

Leo hatuzungumzi juu ya chakula cha mgonjwa wa kisukari. Hilo tumelisema na tutalisema tena. Leo vuta kiti karibu na mgonjwa wako, mwambie avue viatu, tutazame nyayo zake.

Nianze na nyanya mmoja aliyeletwa kliniki na mkaza mwanawe. Alikuwa ameishi na kisukari miaka mingi, na siku hiyo alitoka shambani moja kwa moja. Ndani ya buti lake tulikuta punje ya mahindi. Alikuwa ameikanyaga tangu asubuhi, na chini ya mguu palikuwa na kidonda cha upana wa sarafu ya shilingi. Yeye hakusikia lolote. Mkaza mwana akaniuliza, "Sista, nyayo za mama ni ngumu kama ngozi ya ng'ombe. Punje imemtoboaje?"

Swali hilo ni zuri sana, kwa sababu wengi tunaamini kwamba wayo mgumu ni wayo wenye nguvu. Kwa mgonjwa wa kisukari si hivyo.

Chini ya ngozi ya kisigino kuna mto, unene wake ni kama sentimita 1 na nusu hadi 2. Mto huo umejaa mafuta, lakini mafuta hayakumwagwa tu humo. Yamefungiwa katika vijumba vidogo vidogo, na kuta za vijumba hivyo ni nyuzi imara zinazovutika. Ukikanyaga, mto unabonyea na kutandaza uzito. Ukiinua mguu, unarudi ulivyokuwa. Kila hatua kisigino hupokea uzito wa mwili na zaidi kidogo, na mto ndio unaobeba kishindo hicho. Sehemu ya mbele ya wayo, nyuma ya vidole, nayo ina mto wake.

Sasa sukari inapokuwa juu katika damu kwa miaka, hujishika kwenye zile nyuzi na kuzigandisha moja kwa nyingine. Mwagia kitambaa chai yenye sukari nyingi, kiache kikauke, halafu ukikunje. Kimekakamaa, sivyo? Tofauti ni kwamba kitambaa unaweza kukifua. Kuta za vijumba vya mafuta huwa nene na ngumu, nyingine hukatika, na mto hauruki tena kama zamani. Unakuwa kama godoro la sponji lililozeeka: ukilalia, unazisikia mbao za kitanda. Uzito ambao ungetandazwa wayo mzima unakusanyika mahali padogo, chini ya mfupa.

Mishipa ya fahamu nayo huharibika. Mguu unapata ganzi, na jasho linapungua, kwa hiyo ngozi inakauka na kupasuka. Misuli midogo ya mguu hudhoofika, vidole hujikunja kama kucha za kuku, na ule mto wa mbele husogea kuelekea vidoleni, ukiiacha mifupa bila kinga. Ndiyo maana vidonda vingi vya wayo tunavikuta chini ya kidole gumba na hapo mbele.

Mwili hujaribu kujikinga kwa kuota sugu. Lakini sugu ni kama kokoto iliyobandikwa mguuni: inazidi kukandamiza nyama iliyo chini yake, mpaka nyama inavunjika ndani kwa ndani huku juu pakionekana pazima. Ukiona doa jeusi au jekundu ndani ya sugu, hiyo ni damu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na tafadhali, sugu isikatwe kwa wembe nyumbani, wala isipakwe dawa za kuichoma zinazouzwa sokoni. Sugu ipunguzwe na mhudumu wa afya aliyefunzwa. Wewe mpake mafuta ya kujipaka juu na chini ya mguu, ila si katikati ya vidole, maana unyevu hapo huleta ukungu.

Kuna vipimo viwili unavyoweza kufanya bila mashine. Kwanza, mwambie abandike viganja pamoja kama anayeomba. Vidole vikibaki na nafasi katikati, huenda ukakamavu huo umefika kwenye viungo pia. Pili, afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, polepole bila kubonyeza, kwa sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha katikati na kidogo cha kila mguu. Aseme anapoguswa. Kati ya hivyo sita, asiposikia viwili au zaidi, mguu una ganzi na kliniki wajue.

Viatu je? Najua wengi tunanunua mitumba, mimi pia. Lakini kiatu kilichovaliwa kina umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Ingiza mkono ndani, papasa soli yote. Pakiwa na nundu au msumari, kiache. Chagua chenye soli nene na laini, kisichobana vidole, na akijaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo. Asitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Na mguu mmoja ukiwa wa moto na umevimba kuliko mwingine, hata kama hauumi, usingoje kesho.

Kidonda cha yule nyanya kilipona baada ya miezi mitatu ya kufungwa na kupumzisha mguu. Bado analima. Mkaza mwanawe huyapindua mabuti na kuyakung'uta kila asubuhi kabla hajamvalisha, na jioni humtazama nyayo kwa tochi. Maswali yenu tutayajibu kipindi kijacho. Kwaherini.