Maji meupe si lazima yawe salama



Ukichota maji ya Ziwa Mweru ukayaona meupe, usiseme ni salama. Kipindupindu, yaani kolera, huletwa na kijidudu aina ya bakteria kisichoonekana kwa macho.

Kijidudu hiki kinakaa wapi?
Kinapatikana katika maji machafu ya vyoo na mitaro. Tena kinaweza kuishi ziwani, kikiwa kimeshikamana na viumbe vidogo vya majini. Mwaka 1884 daktari Mjerumani Robert Koch alikikuta Calcutta, India, katika bwawa ambalo watu walifulia, waliogea na kunywa maji yake.

Kinafikaje ziwani?
Hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa. Wengi wanaoambukizwa hawaugui, lakini kinyesi chao kinabeba vijidudu kwa siku 1 hadi 10. Kwa hiyo hata mtu anayejiona mzima, akijisaidia ufukweni, anaweza kuwaua majirani.

Tukumbuke Goma, Julai 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walikunywa maji ya Ziwa Kivu bila kuyatibu, na ardhi ya mawe ilizuia kuchimba vyoo. Katika mwezi wa kwanza walifariki watu wapatao 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu.

Ufanye nini?
1. Chemsha maji hadi yatokote, au tia klorini kama ulivyoelekezwa na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa.
2. Maji yakiwa na uchafu, yachuje kwanza kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa. Katika vijiji vya Bangladesh, waliochuja kwa sari kuukuu walipunguza kipindupindu karibu nusu. Lakini nusu si wote: ukishachuja, bado uchemshe au utie klorini.
3. Tumia choo, hata ukiwa kwenye kambi ya uvuvi. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kula.
4. Mtu akiharisha maji kama ya kuoshea mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja, usiku au mchana. Anaweza kufa kwa saa chache. Njiani mnyweshe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Anayewahi matibabu hupona.