Fizikia: kitabu cha maulizo magumu kinapima nini?

Mashua ndogo inaelea katika beseni la maji. Ndani yake kuna jiwe. Jiwe likitolewa na kutupwa majini, maji ya beseni yatapanda, yatashuka ama yatabaki palepale?

Ulizo hili halina hata namba moja. Lakini mwanafunzi wa segondari aliyekariri kanuni ya Archimède bila kukosa neno anaweza kulishindwa. Wengi hujibu haraka kwamba maji yatapanda, kumbe yatashuka. Jiwe likiwa katika mashua, linasukuma maji yenye uzito sawa na wake. Likizama, linasukuma tu maji yenye ujazo sawa na wake. Na kwa sababu jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo uleule, maji yanayosukumwa yanapunguka.

Kutoka Moscow hadi India

Vitabu vya maulizo ya namna hii vina historia ndefu. Kimoja kinachojulikana sana ni cha Igor Irodov, mwalimu wa fizikia wa Moscow. Kilitolewa kwa Kiingereza na nyumba ya vitabu Mir mwaka wa 1981, na kina maulizo karibu 1900. Huko India, vijana wanaotaka kuingia katika vyuo vikuu vya ufundi vya IIT wanakitumia hadi leo.

Ugumu wake hautokani na hesabu ndefu peke yake. Ulizo halisemi ni kanuni gani itumike, na mwishoni mwa kitabu kuna majibu mafupi, bila njia yote. Mwanafunzi anapaswa kuchora, kuchagua kanuni na kuitetea mwenyewe.

Lakini dawa hiyo ina sumu yake. Watu wengine wametoa vitabu vyenye suluhisho zote za Irodov. Anayezisoma kabla ya kuhangaika mwenyewe hakariri tena fomula, anakariri suluhisho. Kipimo kimekufa.

Mshangao wa Harvard

Eric Mazur, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, aliona jambo hilo karibu na mwaka wa 1990. Wanafunzi wake walikuwa wakifaulu mitihani. Aliwapa maulizo mawili juu ya umeme: moja la hesabu nyingi, lingine jepesi juu ya balbu, lililotaka fikra tu. Walifanya vizuri zaidi kwenye lile la hesabu.

Tangu hapo alibadili namna ya kufundisha: mwanafunzi anajibu kwanza peke yake, kisha anajaribu kumsadikisha mwenzake.

Na huku kwetu?

Kongo, wafinalisti wa Exetat huchagua jibu kati ya yale yaliyoandikwa tayari. Herufi iliyochaguliwa haionyeshi njia ambayo kichwa kilipitia. Mwanafunzi anaweza kuipima njia hiyo mwenyewe: afunike majibu, aandike sababu yake, kisha amueleze mwenzake asiyekubali kwa urahisi.

Kwa ulizo la mashua, beseni, bakuli linaloelea na jiwe moja vinatosha. Weka alama mahali maji yamefika, na useme jibu lako mbele ya kulitupa jiwe.