Alikusanya vijana wa mji, nyumbani akakosekana

Mzazi, kama una kijana wa miaka 15 au zaidi anayependa muziki, tazameni pamoja filamu ya Good Vibrations. Inamhusu Terri Hooley, aliyefungua duka la santuri Belfast, Ireland ya Kaskazini, wakati mabomu yakilipuka mjini. Kisha akaanzisha lebo yenye jina hilohilo, na mwaka 1978 ikatoa wimbo wa The Undertones, "Teenage Kicks". Vijana wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti wakawa wanacheza muziki ukumbi mmoja. Lakini nyumbani mke alibaki akimsubiri, na ndoa ikayumba. Filamu ikiisha, msizime tu simu. Zungumzeni: kulea watoto wa wenzako ni jambo jema, ila wako nani atawalea?