Mtoto anataka kompyuta ya kutungia muziki wa okestra? Aanzie kwenye kwaya

Kuanzia Novemba hadi matokeo yatoke Januari, vijana waliomaliza kidato cha nne wapo nyumbani. Ndicho kipindi cha maombi. Mmoja anataka kwenda kujifunza udereva, mwingine anataka cherehani, mwingine mtaji wa kibanda cha kutuma na kutoa pesa pale Tunduma mpakani. Siku hizi lipo ombi jingine linalowaacha wazazi wengi njia panda: kijana anataka kompyuta ili atunge muziki wa okestra.

Ukimuuliza okestra ataitoa wapi, anafungua simu na kukuonyesha video. Mtu mmoja ameketi chumbani, anabonyeza kinanda kidogo kilichounganishwa na kompyuta, na mlio unaotoka ni wa fidla nyingi, matarumbeta, filimbi na ngoma kubwa. Mzazi anabaki anajiuliza. Huu ni mchezo au ni kazi? Fedha ya kahawa iliyosubiriwa msimu mzima, au faida ya duka, iingie humo?

Swali hilo halijibiwi kwa hasira wala kwa huruma. Ni vizuri kwanza mzazi aelewe kile kinachoombwa.

Sauti hizo zinatoka wapi

Kinachosikika si sauti iliyobuniwa na mashine. Ni wapiga ala halisi waliokaa ukumbini na kurekodiwa noti moja moja. Mpiga fidla hupiga noti ya "do" kwa upole, kisha kwa nguvu ya kati, kisha kwa nguvu zote. Anairudia kwa kuivuta, kwa kuikata fupi, na kwa kudonoa uzi kwa kidole. Halafu anaenda kwenye "re", na kuendelea hivyo hadi mwisho wa ala yake. Kila kipande huitwa sampuli, na mkusanyiko wake huitwa maktaba ya sampuli.

Kijana anapobonyeza kinanda, programu huchagua kipande kinacholingana na noti aliyobonyeza na nguvu ya kidole chake. Maktaba nzuri huwa na vipande kadhaa vya noti ileile, ili ikirudiwa isisikike kama bunduki.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1963 kule Birmingham, Uingereza, kilianza kutengenezwa kinanda kilichoitwa Mellotron, ambacho kila kibonyezo chake kilicheza utepe uliorekodiwa ala halisi. Mwaka 1979 Waaustralia wakaleta Fairlight, mashine iliyohifadhi sauti kwa njia ya kompyuta. Hata kinanda cha umeme kinachotumika kanisani kwenu huenda kina sampuli ndani yake, ila chache na fupi.

Kwa hiyo kijana wako hajadanganywa. Mtu mmoja anaweza kweli kutoa mlio wa okestra nzima. Lakini maktaba hiyo haitungi. Inafanya kazi ya wapiga ala, na wapiga ala wanahitaji mtu wa kuwaandikia cha kupiga. Hapo ndipo vijana wengi hukwama, na hapo ndipo Songwe ina kitu ambacho hakinunuliwi dukani.

Kwaya ni shule tayari

Wamisionari wa Moravian walifika Mbozi mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo uimbaji wa sauti nne umekuwa sehemu ya maisha ya mkoa huu. Leo ni vigumu kupata mtaa wa Tunduma usio na kwaya, iwe ya Wamoravian, Wakatoliki, Walutheri au Wapentekoste. Kijana aliyelelewa humo na kujifunza "do, re, mi" kwa mwalimu wa kwaya anajua soprano inakwenda wapi, alto inajazia nini, tenor inapita wapi na besi inashikilia nini.

Huo ndio msingi wa okestra. Familia ya ala za nyuzi nayo hugawanyika karibu vilevile: fidla ya kwanza, fidla ya pili, viola na chelo, huku besi kubwa ikiongezwa chini. Zoezi la kwanza la maana halihitaji fedha nyingi. Achukue wimbo wa sauti nne anaoufahamu, kwa ruhusa ya mtunzi wake kama yupo, aiandike soprano kwa fidla ya kwanza, alto kwa fidla ya pili, tenor kwa viola, na besi kwa chelo. Akisikiliza atagundua mwenyewe palipo patupu na palipojaa kupita kiasi.

Zoezi la pili lipo nje ya kompyuta. Makanisa ya Moravian na ya Kilutheri nyanda za juu kusini yana vikundi vya matarumbeta vinavyopiga kwenye sikukuu na hata mazishini. Mtume kijana akakae karibu nao na kuangalia wapigaji wanavuta pumzi wapi. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuandika tarumbeta inayolia dakika mbili bila kupumua. Kompyuta itaipiga bila kulalamika, lakini sikio la msikilizaji litajua kuna kitu hakipo sawa.

Nunua kwa mpangilio

Wazazi wengi huombwa vitu vyote kwa mkupuo: kompyuta, spika, kinanda, maikrofoni. Usikubali. Mpangilio huu unaokoa fedha.

Kwanza, aanze na vya bure kwenye kompyuta ya kuazima au ya ndugu. MuseScore ni programu ya kuandika nota isiyolipiwa, na tangu toleo la 4, lililotoka Desemba 2022, inaweza kutumia sauti za okestra ziitwazo Muse Sounds bila malipo. Kampuni ya Spitfire Audio ya Uingereza imerekodi okestra ya BBC, na toleo dogo la maktaba hiyo, liitwalo Discover, hupatikana bila kulipia. Ukubwa wake ni kama MB 200 tu. Toleo la juu kabisa la maktaba hiyohiyo linazidi GB 500, nalo si la kuanzia.

Pili, hedifoni nzuri ya waya. Itamsaidia kusikia kilichomo, nanyi mtalala. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi kiwango cha asilimia 60 cha kifaa, na masikio yapumzishwe mara kwa mara. Kijana anayekaa saa sita na hedifoni iliyopandishwa mwisho anaharibu kitendea kazi chake kikuu, nacho hakina spea.

Tatu, kompyuta yenyewe. Kwa umeme unaokatika, kompyuta mpakato inafaa kuliko ya mezani. Jambo la kuuliza dukani ni RAM, kwa sababu sampuli hupakiwa humo wakati muziki unacheza. GB 4 zitamchosha mapema, GB 8 zinatosha kuanzia, na GB 16 zitamfikisha mbali. Ulizia pia kama diski ni ya SSD, kwani zile za zamani husoma sampuli polepole na sauti hukatikakatika. Ukinunua ya mtumba, iwashwe mbele yako bila chaja, na upewe risiti yenye namba ya kompyuta. Ukinunua upande wa Nakonde, pita forodhani uulize ushuru kabla, usije ukaipoteza kwa kukwepa.

Nne, kinanda kidogo cha USB. Hiki kinaweza kusubiri hata mwaka. Nota zinaingizwa vizuri kwa kipanya.

Halafu kuna bando. Mweleze kijana aangalie ukubwa wa faili kabla hajabonyeza "pakua". Muse Sounds zote kwa pamoja ni GB kadhaa, lakini si lazima achukue zote. Achukue nyuzi kwanza, atunge, kisha aongeze kundi moja baada ya jingine.

Flashi ya rafiki

Hapa ndipo mzazi anatakiwa kuwa mkali. Mtaani zipo flashi zenye programu za muziki za mamilioni ya shilingi "zilizokrakiwa", yaani zilizovunjwa kufuli ili zitumike bila kulipia. Kijana ataambiwa kila prodyuza anazo.

Hatari ya kwanza ni virusi. Faili la kuvunja kufuli mara nyingi humtaka mtumiaji azime ulinzi wa kompyuta. Kama kompyuta hiyo ndiyo mnayotumia kwa barua pepe, hesabu za duka au huduma za benki, mmemfungulia mlango mtu msiyemjua.

Hatari ya pili ni ya malezi. Kijana huyuhuyu siku moja atataka wimbo wake usiibwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, husajili kazi za wasanii. Hawezi kuililia sheria hiyo kwa wimbo wake huku akiivunja kwa jasho la wapiga fidla wa watu wengine. Na hana haja ya kuivunja, kwa kuwa vya bure vipo. Baadaye akihitaji programu ya kurekodi ya kulipia, ipo Reaper, ambayo leseni yake ya bei nafuu imekuwa dola 60 kwa miaka mingi.

Leseni za maktaba nyingi hizi humruhusu kuuza wimbo alioutunga kwa sauti zake. Kisichoruhusiwa ni kuuza au kugawa sampuli zenyewe. Mwambie asome leseni hata kama ni ndefu.

Je, kuna ugali?

Mzazi ana haki ya kuuliza. Jibu la kweli ni kwamba hakuna mshahara unaomsubiri. Zipo kazi ndogondogo: kuchapa nota za kwaya, kutengeneza muziki wa kusindikiza waimbaji, muziki wa filamu na wa matangazo ya redio. Atakayesonga mbele anaweza kusoma sanaa Bagamoyo katika TaSUBa, au shahada ya muziki Makumira, Arusha.

Dunia nayo imeonyesha kwamba lugha yetu ina nafasi. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV. Mwaka 2011 kazi hiyo ikapata tuzo ya Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Kijana wa Mlowo au Ileje hana sababu ya kuamini kwamba muziki wa namna hiyo ni wa wengine.

Ana hata kitu cha kuongezea. Okestra hizo za kompyuta zimejaa fidla za Ulaya, lakini ngoma, zeze na filimbi za mwanzi za kwetu ni chache mno humo. Kwa kuwa sampuli ni sauti iliyorekodiwa tu, anaweza kumwendea mzee anayepiga ngoma, amwombe ruhusa na kumpa chochote, kisha arekodi pigo moja moja kwa simu mahali patulivu.

Mkataba wa miezi mitatu

Kabla ya kutoa fedha, kaeni mkubaliane. Kwa miezi mitatu atumie vya bure na kila mwezi amalize kazi moja: mwezi wa kwanza wimbo wa kwaya kwa nyuzi nne, wa pili aongeze matarumbeta, wa tatu utunzi wake mwenyewe wa dakika mbili, uwe na mwanzo na mwisho. Neno muhimu hapo ni kumaliza. Wanaopenda kubadilisha sauti kutwa nzima ni wengi. Wanaofika kwenye noti ya mwisho ni wachache.

Mwisho wa kila mwezi keti naye usikilize. Huhitaji kujua nota. Muulize fidla inafanya nini pale, na kwa nini matarumbeta yameingia sasa na si mwanzoni. Akiwa na jibu, anajifunza. Mwombe pia mwalimu wa kwaya asikilize, maana yeye atasikia usichosikia.

Miezi mitatu ikipita na kazi tatu zipo, utakuwa na sababu ya kwenda naye dukani. Zisipokuwepo, fedha ya kahawa bado unayo, na mtaendelea na mazungumzo ya udereva na cherehani bila ugomvi.